Darasa la Nne Makaburini

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya lango la makaburi siku ya Jumanne. Nadhani nilikuwa wa kwanza kulisoma, kwa sababu kila Jumanne nikitoka kazini hupita pale kumtazama binti yetu. Lilisema uwanja ule una makaburi thelathini na moja, kwamba jamaa wa marehemu hao watajulishwa na mabaki yatahamishwa kwa heshima, na kwamba eneo lililobaki, ambalo liko wazi, litasawazishwa baada ya siku ishirini liwe maegesho ya malori.

Binti yetu yumo katika hilo eneo lililobaki.

Alifariki akiwa na miaka miwili na nusu. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Mwaka huu angekuwa darasa la nne, darasa ninalolifundisha mimi. Kaburi lake halina jiwe. Mume wangu ni mwashi, nusu ya nyumba za mtaa wetu amezijenga yeye, lakini pale hakuweza kuweka hata tofali moja, nami sikuwahi kumwuliza.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mpima ardhi. Alikuwa kijana nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na ramani ya makaburi ilikuwa mezani chini ya kikombe chake cha chai.

"Mama, hayo thelathini na moja ndiyo yanayoonekana," aliniambia. "Yana mawe, yana maandishi."

"Yapo mengine mengi."

"Yako wapi?"

"Mle mle."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama yangu, 'mle mle' haichoreki. Niletee mahali."

Najua alisema vile ili niondoke. Niliondoka, lakini neno lake nililibeba.

Mimi sikusomea ualimu chuoni. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kujitolea shuleni, na huu ni mwaka wa sita. Muhula huo tulikuwa tumefika kwenye majira ya nukta, ile mada ya kutaja mahali kwa namba mbili. Kitabu kina picha ya gridi yenye samaki kwenye mraba mmoja na kofia kwenye mwingine. Mwaka uliotangulia nilimwuliza mtoto mmoja kofia iko wapi, akanijibu bila kusita, "Iko ukurasa wa arobaini na mbili, mwalimu." Nikajua hapo hakuna kilichoingia kichwani.

Nikaenda kwa mkuu wa shule.

"Makaburini?" aliuliza. "Mwalimu, akili zako zimetimia?"

"Zimetimia, mkuu. Ndizo zilizonituma."

"Wazazi wakija hapa ni mimi nitakayewajibu. Wakiuliza kwa nini wasifundishwe uwanjani nitasema nini?"

"Sema uwanja wetu una hatua kumi na mbili na choo kipo katikati."

Hakucheka. Aliandika barua ya onyo mbele yangu, akanipa nitie sahihi kwamba nimeipokea. Nikatia. Halafu nikamwomba ruhusa nichukue chaki.

Mume wangu nilimweleza jioni tukila. Akaendelea kutafuna. Asubuhi nikakuta mlangoni madonge mawili ya kamba anayotumia kunyoosha mistari ya matofali, kikapu cha vigingi na nyundo. Na yeye mwenyewe amesimama kando ya vitu hivyo amevaa nguo za kazi.

Watoto arobaini na nne walitoka kwa mstari. Yeye ndiye aliyewafundisha kupata kona. "Pimeni hatua tatu huku, nne huku," aliwaambia. "Kutoka ncha hii mpaka ile lazima ziwe tano. Zikipungua au zikizidi, kona yenu imelewa." Kona yao ya kwanza ililewa vibaya sana. Ya nne ikakaa sawa, wakaishangilia kama goli.

Tulivuta kamba moja kufuata ukuta wa barabara na nyingine kupanda mlima, maana uwanja ule umeinuka kwa nyuma. Kila mita mbili kigingi, kila kigingi namba. Sifuri ilikuwa langoni. Ishirini kwenda mbele, kumi na nne kupanda. Kanuni niliwapa moja tu: tembea kwanza, halafu panda. Namba ya kwanza haichoshi, ya pili inachosha. Kwa muda wa nusu saa waliielewa kwa magoti, jambo ambalo kitabu kilishindwa kwa muhula mzima.

Aliyetuonyesha makaburi yasiyo na alama ni mchimbaji, mzee ambaye mtaa mzima humwita Mpini kwa sababu amevunja mipini mingi kuliko fundi yeyote. Majina ya marehemu hayajui vizuri. Anachokumbuka ni kazi.

"Huyu alikuwa na mwamba chini," alisema akigusa mahali kwa kidole cha mguu. "Siku mbili nachimba. Na ndugu zake wananinung'unikia kama vile mwamba nimeuleta mimi kutoka kwetu."

"Na hapa, babu?" aliuliza kiranja, msichana mwenye maneno mengi ambaye wenzake humwita Wakili.

"Hapa udongo laini. Nilimaliza mapema nikalala humo humo. Mwenye msiba alipofika akakimbia."

Watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha wakasimama pale, wakahesabu kamba, wakapaza sauti, "Tisa, mbili," na mwandishi wa kundi akaandika. Mtoto mmoja alianza kupiga hodi kabla ya kukanyaga kila mahali. Sikumfundisha mimi. Kufikia siku ya pili darasa zima lilikuwa linapiga hodi.

Siku ya tatu akaja mama mmoja amejifunga khanga kiunoni, anamtafuta mwanawe kwa hasira. "Nimempeleka shule, sijampeleka kwa wafu," aliniambia. Akamshika mkono mtoto waondoke. Walipofika kwenye lango akasimama. Akamwuliza mwanawe, kwa sauti ndogo, kama bibi yake wamemwandika.

"Saba, nne," mtoto akajibu. "Unatembea saba, unapanda nne. Twende nikuonyeshe."

Yule mama hakurudi nyumbani siku ile. Alishika kamba mpaka saa ya kufunga.

Tulichora ramani nyuma ya kalenda kuukuu, karatasi sita zilizogundishwa kwa uji wa ngano, kila kundi na karatasi yake. Makaburi mia na themanini na sita. Karatasi tano nilizipitia na kuzilinganisha na ardhi, kisha nikapeleka ujumbe kwa mpima kwamba mahali tumepapata.

Alikuja Ijumaa, siku tatu kabla ya tingatinga. Nakiri alikuja kwa adabu. Alitazama kamba, akatazama vigingi, akamwuliza mume wangu nani amepima kona. Mume wangu akaelekeza kidevu kwa watoto. Mpima akainua nyusi. Akachukua ramani, akaweka kidole kwenye karatasi ya sita.

"Hili hapa. Kumi na moja, tatu. Nipelekeni."

Watoto wawili wakatembea kumi na moja, wakapanda tatu, wakasimama. Walikuwa wamesimama juu ya zege la tangi la maji.

Mpima akaangalia tangi, akaangalia karatasi. Akachagua lingine kutoka karatasi ile ile. Nalo likawa chini ya tangi. La tatu likaangukia ndani ya kibanda cha mlinzi, na mlinzi akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini.

"Mlinzi, unalala juu ya maiti?" mpima alimwuliza, na wale wazazi waliokuja kutazama wakacheka bila kupenda. Kisha akaikunja ramani kwa uangalifu. "Mama, kusema kweli nilikuwa nimeanza kuamini. Lakini hii ni michoro ya watoto."

Wakili alikuwa amesimama nyuma yangu. Karatasi ya sita ilikuwa ya kundi lake. "Nilianza na safu, mwalimu," alisema, na safari hii maneno yalimtoka machache. "Kama darasani."

Nikaelewa mara moja. Darasani kwetu kila mtoto huitwa kwa safu kwanza, dawati baadaye: safu ya tano, dawati la pili. Safu huhesabiwa kutoka ubaoni kurudi nyuma, yaani kupanda. Ni mimi niliyewazoesha hivyo miaka yote. Kona nzima ya juu upande wa kushoto, makaburi arobaini na matatu, iliandikwa kinyume, na tatu, kumi na moja ikawa kumi na moja, tatu.

"Kosa si lake," nilimwambia mpima. "Karatasi tano nilizihakiki. Hiyo ya sita niliipitisha bila kuitazama."

"Kwa nini?"

Nilijua angeuliza. "Mwanangu yumo."

Akanirudishia ramani na kugeuka kuelekea langoni. Nikamtangulia nikasimama mbele yake. Sijui nguvu zilitoka wapi, mimi ni mtu ambaye hata nikirudishiwa chenji pungufu huondoka nayo.

"Uliniambia nilete mahali," nilisema. "Ukiondoka sasa umebeba kosa letu tu. Kaa ulione likirekebishwa."

"Mama, nina kazi nyingine."

"Hata hii ni kazi yako. Sisi tunakusaidia bure."

"Na mkikosea tena?"

"Tutarudia."

"Jumatatu tingatinga linakuja."

"Basi litatukuta."

Akatazama lango. Yule mama wa khanga alikuwa ameegemea hapo, na wenzake wawili. Hawakumzuia, lakini hawakusogea pia. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye zege la tangi, nyundo kwenye magoti, anamtazama mpima kama anavyotazama ukuta wa mtu mwingine uliojengwa upesi upesi. Mpima akatafuta kivuli, akakaa.

Wakili alitaka kugeuza namba tu, ya kwanza iwe ya pili. Nikamkataza. Tulirudi kutembea makaburi yote arobaini na matatu, moja moja, hodi kwa hodi. Safari hii nilikwenda nao. Tulipofika tatu, kumi na moja, watoto walinitazama wasijue wafanye nini. Nikapiga hodi mimi mwenyewe, nikawaambia waandike. Wakaandika, tukaendelea na lililofuata.

Mpima alitupima bila huruma. Alitaja namba ovyo, huku na kule, na Mzee Mpini akazamisha nondo ardhini kila mahali mtoto aliposimama. Ardhi isiyochimbwa pale ni ngumu, nondo hugonga na kugoma. Kila mahali ilizama. Mara ya kumi na tano mzee akamwuliza, "Mwanangu, tuendelee, au na wewe unataka nikuchimbie?"

Mpima akacheka mwenyewe. Akasema inatosha, ataichukua ramani ofisini.

"Haitoki," nilisema.

"Bila ramani nitabadilishaje mpango?"

"Nakili. Kalamu unayo."

Akavuta kalamu mfukoni. Kisha akafungua daftari lake, na watoto wakaanza kumsomea. Alifika ya ishirini, Wakili akamkatiza. "Umeanza na kupanda, bwana mpima. Futa." Akafuta. Jua lilikuwa limehama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine tulipofika kona ya kushoto.

"Tatu, kumi na moja," Wakili alisoma.

"Jina?" Hakuna aliyejibu upesi, na kalamu yake ikaanza kuandika. Niliona herufi za kwanza za neno "hajulikani".

"Anajulikana," nilisema. "Andika Chiriku."

"Hilo ndilo jina la kwenye cheti?"

"Cheti nitakuletea Jumatatu. Leo andika hilo."

Mzee Mpini akasema kutoka kule alikoketi, "Andika, bwana. Huyu ni Mama Chiriku. Nilichimba mimi." Tangu mtoto afariki watu waliacha kuniita vile, kwa kunihurumia nadhani. Mume wangu alishuka kwenye zege la tangi, akaja kusimama nyuma ya mpima, akasoma juu ya bega lake mpaka jina lilipokwisha kuandikwa.

Jumatatu tingatinga lilikuja likaegeshwa kando ya barabara. Dereva alingoja amri hadi saa sita, halafu akaondoka nalo. Wanasema mpango unachorwa upya. Wanasema pia kwamba malori lazima yapate mahali, na kwamba kuna mkubwa ambaye hajafurahi. Sijui itakuwaje, na sitaki kuandika nisilolijua.

Mkuu wa shule aliniita kunipa barua ya pili. Alisema ametumiwa agizo kwamba ramani ile ikabidhiwe, kwa kuwa imechorwa na wanafunzi saa za masomo, hivyo ni mali ya shule.

"Naileta, mkuu," nilisema. "Karatasi sita zote."

Akashangaa kwamba sibishi. Akanitazama kwa shaka, mwalimu mzoefu anajua mtoto aliyetulia ana lake jambo. "Kuna nakala nyingine?"

"Somo la kunakili ramani lilikuwa Jumamosi, nyumbani kwangu," nilimjibu. "Kila mtoto kachora yake kwenye daftari la hisabati, na kaipeleka kwao. Nimezihakiki zote, mkuu. Arobaini na nne. Mkizitaka, ziko katika nyumba arobaini na nne, na mbwa wa kule huwajui."

Nikachukua kalamu yake, nikatia sahihi kwamba barua nimeipokea.