Mikate ya Mlango wa Nyuma

Wifi yake ndiye aliyemwombea kazi. Walikuwa wamekimbia vita pamoja, wao wawili na mtoto mchanga, baada ya mume wake, kaka wa huyo wifi, kupigwa risasi kizingitini pa nyumba yao. Njia nzima wifi alimbeba mtoto, maana mama mtu miguu ilikuwa imevimba, hata kujibeba mwenyewe ilikuwa taabu.

Walipopata hifadhi ugenini, wifi alitangulia kupata kibarua cha kuosha vyombo katika mkahawa uliokuwa ndani ya duka kubwa. Akamganda meneja kila kukicha: "Nina wifi yangu, ana mikono myepesi. Mjaribu tu."

Akajaribiwa. Alianza kwa kupiga deki huku akiiokota lugha ya wenyeji kutoka midomoni mwa wateja. Siku mtengeneza kahawa alipougua, aliingia nyuma ya kaunta, akachemsha maziwa hadi yakatoa povu zuri, na foleni ikasogea. Baadaye wakampa zamu aisimamie, kisha mkahawa wote. Wifi alibaki kwenye sinki.

"Lugha yao inanikwama kooni kama mwiba," alisema wifi akicheka. "Wewe panda, mimi nitakushikia ngazi."

Kampuni ilikuwa na amri moja mbaya. Mikate iliyobaki jioni itupwe pipani nyuma ya duka, imwagiwe sabuni ya maji, asije mtu akaiokota. Kazi hiyo alipewa wifi. Nje ya uzio walisimama wakimbizi wapya, wengine wakiongea lugha ya kwao kabisa, na wifi akawa anawapa mikate kabla ya kufungua chupa ya sabuni. Yeye, msimamizi wa mkahawa, alijua. Akajifanya haoni.

Jioni moja bosi kutoka makao makuu alikuja bila taarifa, akapitia mlango wa nyuma. Alimkuta wifi mikono imejaa mikate.

"Nilikuja kukupa duka zima, pamoja na mkahawa," bosi alimwambia msimamizi ofisini. "Lakini yule aondoke leo. Na umwambie wewe."

"Ni wifi yangu, bosi."

"Hapa ni mwosha vyombo."

Alifikiria kodi ya nyumba na shule ya mtoto. Alifikiria pia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, jinsi alivyokuwa akikitamani kile cheo.

Wifi alikuwa anasugua sufuria.

"Wifi, vua aproni."

"Kwani zamu imeisha?"

"Bosi amekuona na mikate. Amesema uondoke."

"Hayo amesema yeye. Wewe je, unasemaje?"

Maji yalikuwa bado yanatiririka bombani. Msimamizi akanyoosha mkono, akayafunga.

"Vua aproni, wifi yangu."

Wifi alijifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Kumbe mikate ilikuwa yako," akasema. "Ningekuomba." Akatoka.

Msimamizi aliporudi nyumbani alimkuta wifi amefunga mzigo, mtoto amemng'ang'ania kiunoni.

"Shangazi, unaenda wapi?"

"Kutafuta kazi, mama. Shika adabu, eh?"

Mama mtu alisimama mlangoni akisubiri atukanwe. Wifi alipita pembeni yake kama anayempisha mtu asiyemjua.

Msimamizi alipewa duka. Aliomba makao makuu wamruhusu kugawa mikate, wakakataa. Hakuwa na uso wa kumtuma mtu mwingine, kwa hiyo sabuni akawa anaimwaga mwenyewe. Mara moja mwanamke nje ya uzio alimwita kwa lugha ya kwao: "Dada, basi hiyo ya juu usiimwagie." Akamjibu kwa lugha ya wenyeji kwamba haelewi, akaendelea kumwaga.

Wifi alisikika yuko mji mwingine, anafungasha samaki kiwandani. Mama mtu alimpigia simu, haikupokelewa. Akamwandikia ujumbe mrefu wa kumwomba radhi. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: "Mwambie mtoto shangazi yake anamsalimu."

Alilisoma akiwa amesimama katikati ya rafu za duka, akautafuta mstari mwingine chini yake. Haukuwepo.