Shimo la Rangi

Mlango wa zizi ulipong'oka, mchora mabango hakumwita seremala. Alipenda njia za mkato na, kwa bahati mbaya, alikuwa hodari. Daktari wa mifugo aliwahi kumwambia kwamba jicho la ng'ombe halipimi kina vizuri. Kivuli sakafuni kwake ni shimo. Basi jamaa akashika brashi, akachora kwenye sakafu ya mlangoni shimo pana lenye nondo juu na giza totoro chini. Mkewe mwenyewe alilikwepa, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mume wangu, una wazimu."

"Muulize Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa ndiye ng'ombe wao wa pekee, ambaye maziwa yake yaliwasomesha watoto. Alifika ukingoni, akanusa, akarudi kinyumenyume. Tangu hapo hakutoka mpaka atandikiwe mbao, na mchora mabango akatamba mtaa mzima.

Adhuhuri moja waya wa taa ulitoa cheche juu ya nyasi kavu, moto ukashika zizini. Mke alimbeba ndama mchanga wa Bi Mkubwa akatoka mbio. Zile mbao zilikuwa ndani, zimeegemezwa ukutani, na ndizo zilizotangulia kuwaka.

Mchora mabango na majirani wawili walivuta kamba kwa nguvu zao zote. Bi Mkubwa alifika mlangoni, akaona shimo, akakita miguu. Ndama alilia uani, mama akamwitikia, lakini hakusogea. Mchora mabango akavua shati amzibe macho; ng'ombe akalirusha kwa pembe. Jamaa akamwaga ndoo ya mchanga juu ya mchoro. Ukafunika kona tu. Kazi yake ilikuwa safi mno, na kwa mara ya kwanza maishani aliichukia.

Mwishowe akasimama katikati ya shimo lake, akaruka kwa miguu yote miwili.

"Tazama! Sizami! Ni rangi tu, mama, ni rangi! Nilikudanganya!"

Kamba ikakatika. Majirani wakamkamata kiunoni na kumtoa kwa nguvu, maana paa lilikuwa linashuka. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bi Mkubwa alikuwa bado anamtazama, huku akirudi nyuma kuelekea motoni, polepole, kwa uangalifu, asije akatumbukia.