Mtaro wa Wananchi

Saluni ya msusi ilikuwa mwisho wa mteremko, na kila mvua iliponyesha, maji ya mtaa mzima yalikuja kumsalimia bila kupiga hodi. Wateja walishazoea kusukwa wamekunja miguu juu ya kiti kama kuku wanaotaga. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kumeguka. Masika mengine kama yaliyopita, na saluni ingebaki hadithi.

Ndipo manispaa ikatangaza kwamba sasa wananchi wenyewe wataamua fedha za mtaa zifanye nini. Miaka yote fedha hizo zilikuwa zikijiendea zenyewe, na hakuna aliyekuwa na utovu wa adabu wa kuziuliza zinakokwenda.

"Haya wifi, umekumbukwa," alisema wifi yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. "Kajipambe ukaamue."

"Cheka tu. Mtaro nitaupata."

"Kwa kura za nani? Huko juu wanamsikiliza mume wangu, na yule bila kupewa cha mbele hata salamu haitikii."

Mume wa wifi alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa kileleni kabisa. Msusi akapanda.

"Mtaro wa nini, shemeji?" seremala alisema huku akipiga randa. "Maji kwangu hayana shida. Yakifika yanapita, yanakuja kwako."

"Basi uanzie kwako. Mlangoni pako kabisa."

Randa ikasimama. "Na kidaraja cha zege, nipitishe mbao?"

"Na kidaraja."

Habari ya kidaraja ikateremka mtaani kwa kasi kuliko hata maji. Muuza mkaa naye akataka chake, fundi viatu chake, na mama mmoja ambaye hakuwa hata na mlango upande ule akataka viwili. Msusi akawakubalia wote. Ulimi haulipiwi kodi.

Siku ya mkutano mikono ilinyooka kama mihindi. Vigelegele! Afisa wa manispaa, jasho likimtoka kwa furaha ya demokrasia, akapaza sauti kwenye spika: "Wananchi wamesema!"

Na kweli walisema. Mtaro ukaanzia kwa seremala, mpana, laini, na vidaraja vya mabamba mazuri ya zege hata watu wakawa wanapigia picha hapo. Ukateremka kwa maringo yake yote, kisha fedha zikakata roho nyumba moja kabla ya saluni.

Msusi akakimbilia ofisini. "Baba, mbona hammalizii?"

"Mama, wahandisi walitaka kuanzia chini," afisa alisema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Lakini sisi ni nani tuwapinge wananchi?"

Uzinduzi ukafanyika palepale mtaro ulipoishia. Afisa alikuwa hajafika hata kwenye faida ya pili ya ushirikishwaji mvua ilipomwagika. Zamani maji yalikuja yametawanyika, kila mkondo na njia yake. Sasa yalikuja kwa mstari, kama wageni waalikwa, moja kwa moja hadi mlangoni. Watu wote wakakimbia mvua, wakajazana saluni. Afisa akapanda kiti cha kukaushia nywele, seremala akapanda benchi, wifi akakwea meza. Ukuta wa nyuma ukadondosha kipande.

Msusi, maji yakimfika magotini, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, tupishe tutoke," afisa alisihi.

"Hatoki mtu. Wanaokubali mabamba ya vidaraja yang'olewe, yamalizie mtaro mpaka bondeni, wanyooshe mikono."

Muuza mkaa akanyoosha. Fundi viatu akanyoosha. Mama wa vidaraja viwili akanyoosha miwili. Seremala akatazama dari, akatazama ukuta, akatazama maji yanavyolamba viatu vyake vya sikukuu.

"Mume wangu," wifi alisema, "huo mkono umepigiliwa misumari?"

Ukanyooka.

Afisa naye, kwa kihoro, akanyoosha wa kwake. Wifi akamtazama kutoka juu ya meza.

"Wewe shusha, baba. Hapa wanaamua wananchi."