Marehemu wa Mosi Januari

Kwa mujibu wa diski kuukuu ya kiwanda cha chapa cha Mihran, matangazo mia nne na kumi ya vifo vya watu wa Burj Hammud, mtaa wa Waarmenia wa Beirut, yaliandikwa siku moja tu: mosi Januari 1980. Zabel alipoambiwa hivyo alijipiga msalaba kwanza, kisha akaomba kahawa, maana habari kama ile hailiwi kavu.

Jirani yake Sirvart hakuomba kitu. Yeye alikuja kwa tangazo moja, la kaka yake Onnig, mpanga herufi wa kiwanda kile, aliyetoka asubuhi ya Machi 19, 1988, kufuata wino upande wa pili wa Beirut, vita vikiwa vimechacha, asirudi. Hakuna mwili, hakuna barua. Miaka yote hiyo Sirvart alikataa jina lake lisomwe kanisani pamoja na marehemu. Sasa Mihran, katika kufunga kiwanda alichoachiwa na baba yake, amekuta tangazo la Onnig ndani ya diski, halijawahi kubandikwa ukutani. Padri akasema kama lipo, kuna aliyejua, basi jina lisomwe Jumapili. Sirvart akakubali kwa sharti kwamba aambiwe liliandikwa lini. Likiwa la baada ya siku ile aliyotoka, basi habari ilifika, na Onnig amekufa.

Mihran akaeleza, Zabel akimkatiza kila baada ya maneno matatu. Kompyuta ile betri yake ilikufa mapema, na vitani nani angezunguka kutafuta betri? Umeme ukikatika ilisahau leo ni lini. Ikiamka ilijiona iko mosi Januari 1980, siku ambayo mfumo endeshi wake ulianza kuhesabu, ikauliza tarehe. Na mtu mwenye wafiwa mlangoni alibonyeza kitufe tu, kazi iendelee.

Zabel akataka kujua kompyuta hii mpya inaisomaje diski ya enzi hizo, wakati simu yake imeshindwa hata na picha za mwaka jana.

"Simu yako ni ukoo mwingine, shangazi," Mihran alisema. "Prosesa ya hii ni mjukuu wa ile ya zamani. Kila ukiiwasha inaamka ikijidhani babu yake, na akili yake finyu ya mwaka sabini na nane. Halafu mfumo wa leo ndio unaoishtua kwamba wewe si yule. Mimi leo sijaishtua. Nimemwacha babu aongee."

Zabel alisogeza kiti nyuma kidogo.

Majina yakashuka kwenye skrini nyeusi. Mihran akasema tarehe ni za uongo, ila faili zimekaa kwa mpangilio wa kuingia, kama watu kwenye foleni, na foleni ile haikuwahi kuvurugwa. Mbele ya Onnig alikuwa Hampig mwoka mikate. Zabel alikumbuka: alizikwa siku moja kabla ya Kwaresima, na mkewe hakulia hata kidogo. Nyuma ya Onnig alikuwa bibi yake Mihran, aliyefariki Machi pili ya 1988.

Sirvart alihesabu kwa vidole. Kwa hiyo liliandikwa kabla hajatoka. Onnig aliliandika mwenyewe, akarudi nyumbani, akala manti, vile vidonge vya unga na nyama, na kulalamika kwamba mtindi una kitunguu saumu kupita kiasi.

"Lifungue," alisema.

Zabel akasoma kwa sauti yake ya kanisani. "Onnig, mwana wa marehemu Garabed..." Akalirudia neno marehemu.

Garabed, baba yao, alikufa Novemba mwaka ule. Mwezi wa pili alikuwa mzima, anauza basturma yake ya nyama kavu na kutukana wateja.

Mihran alikohoa, akasema faili laweza kufunguliwa baadaye likaongezwa neno, na nafasi yake kwenye foleni ikabaki palepale. Kwa hiyo kuna mtu aliyelifungua baada ya Novemba.

"Baba yako?" Zabel aliuliza.

"Tulifunga Juni mwaka uleule, tukakimbilia Kupro hadi tisini na moja. Tuliporudi hatukuiwasha tena, baba alinunua nyingine. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja aliuvaa baba shingoni."

"Wa pili alikuwa nao Onnig," alisema Sirvart.

Zabel alikwisha simama, mkoba kwapani. Mtaa mzima ungeipata habari kabla ya adhuhuri. "Shoga yangu, basi hakufa! Aliingia humu! Mpigie padri asilisome jina."

Sirvart alikwenda pale dirishani ilipokuwa meza ya kaka yake. Ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi hivi, kulikuwa na roshani yake mwenyewe, shuka zimeanikwa. Majira ya baridi yale alianika nguo nyeusi tupu, wiki baada ya wiki, kwa ajili ya baba. Mtu aliyeketi hapa hakuhitaji kuambiwa na yeyote. Angezisoma kambani, akaongeza neno moja, akafunga mlango, akateremka, asivuke kichochoro.

"Mwambie padri alisome," alisema. "Maiti ana udhuru wa kutopanda ngazi zangu."