Dole Gumba kwenye Tao

Chokaa haitaki haraka wala haitaki kiburi. Hayo Hassani aliyajua tangu hajaota ndevu, kwa baba yake, mwashi wa Mji Mkongwe kule Unguja. Sasa hebu fikiria: mtu wa namna hiyo umvishe koti la ulinzi, umsimamishe Doha kwenye jumba la sanaa, mbele ya tao la chokaa linalopasuka, halafu umwambie asiguse. Si ni kumtesa huko?

Tao lilikuwa la Bi Ornella Vassalli, msanii wa Kiitaliano aliyezeeka akiunda milango, nguzo na matao yasiyoelekea popote. Mwaka ule wa 2014 jumba lilikuwa likimwandalia maonyesho ya kazi zake za miaka hamsini. Kazi nyingine zote zilikuja ndani ya makasha. Tao hili, refu kupita lango la msikiti, lilijengwa palepale kwa kufuata mchoro wake, kama ilivyofanywa kila lilipoonyeshwa. Kampuni iliyopewa kazi ililipiga lipu siku mbili, ikawasha kiyoyozi, ikaenda zake. Siku ya tatu nyufa zikatambaa toka juu hadi chini.

"Wanalikausha kama samaki," Hassani alimnong'oneza Scovia, Mganda aliyelinda ukumbi wa pili. "Linataka maji na magunia mabichi. Likianza kushika, unalikandamiza kwa mwiko mpaka ufa ujifunge."

"Si uwaambie?"

Akawaambia. Msimamizi wa mafundi alimtazama koti, akamtazama viatu, akacheka. "Khalas, basi, mlinzi, rudi mlangoni." Kisha akaziba nyufa kwa jasi. Kesho yake zikafunguka tena, na safari hii zilikuja na wenzao. Basi wakalifunika tao kwa shuka kubwa, wakahamia kumbi nyingine, wakaomba Mungu Bi Ornella awe haoni vizuri.

Kiprono, mkuu wa zamu, Mkenya asiye na ubaya ila aliyeiogopa kampuni yake kama nini, alimvuta Hassani pembeni. "Bro, sisi ni walinzi. Ukigusa kitu hapa unapandishwa ndege, unarudi home. Hiyo sheria hata mimi siwezi kuipinda."

Sheria Hassani aliijua. Alijua pia kwamba kwa miaka minne amesimama mikono nyuma, akiwaambia watu wasikaribie vitu vilivyotengenezwa na watu wenye mikono kama yake. Alichoka. Liwalo na liwe, alijisemea, sitakaa nitazame kazi inakufa na dawa ninayo.

Kila adhuhuri watu walipokwenda kuswali na kula, ukumbi ulibaki mtupu kwa dakika arobaini. Ndizo alizozitwaa. Alijipenyeza chini ya shuka, akapanda ngazi iliyoachwa na mafundi, akakwangua jasi yote, akajaza chokaa yao wenyewe iliyobaki pipani, akakandamiza, akatundika magunia mabichi. Scovia alikaa mlangoni na kikohozi chake tayari kumwonya. Siku ya sita ya kazi hiyo Hassani alipangiwa lango kuu na Scovia akapangiwa tao, wakabadilishana kimyakimya bila kugusa daftari la zamu. Siku hiyo Hassani aliyatoa magunia, akapitisha kiganja ukuta mzima. Hakukuwa na ufa hata mmoja! Alifurahi mpaka akacheka peke yake humo ndani ya shuka.

Na hapo ndipo alipokosea. Kwao, fundi akimaliza mlango hubonyeza dole gumba chini kabisa, chokaa ikiwa bado laini. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Mkono wa Hassani ulikwenda wenyewe. Alishafika nje ndipo alipokumbuka alichofanya, akataka kurudi kuifuta ile alama, lakini mafundi walikuwa wamesharudi.

Asubuhi Bi Ornella alifika na mkongojo wake. Emily, Mkenya wa ofisi ya jumba aliyekuwa akikagua kila kazi kabla ya ufunguzi, aliamuru shuka litolewe. Tao likasimama safi, jeupe. Msimamizi wa mafundi akavimba kifua. "Tumehangaika nalo sana, mama," alisema, bila haya wala soni.

Emily alikuwa amechuchumaa na tochi. "Na hili dole ni la nani?"

Yule bwana hakupoteza muda, akawanyooshea kidole walinzi. Kiprono akafungua daftari. "Jana adhuhuri hapa alikuwa Scovia."

Scovia alikuwa na watoto wawili Masaka waliomtegemea yeye tu. Alimtazama Hassani mara moja, kisha akatazama sakafu. Nami sitamsafisha Hassani: alifikiria kunyamaza. Alifikiria kwa kitambo cha kumeza mate, kisha akajionea aibu.

"Si yeye," alisema. "Dole ni langu. Na nyufa nimeziba mimi."

"Mwongo huyu!" msimamizi akafoka.

Bi Ornella akainua mkono. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu kama cha Hassani, wakaelewana. "Jasi uliifanyaje?"

"Niliitoa yote, mama. Jasi na chokaa haviivani."

Bibi akainama kwa shida, akatia dole lake kwenye alama ile. "Miaka hamsini nataka tao hili lionekane kama halikujengwa na mtu," alisema. "Hii ifutwe."

Maneno yale yalimchoma Hassani. Msimamizi alishachukua mwiko.

"Si wewe," bibi akamwambia. "Yeye."

Hassani alivua koti, akampa Kiprono, akapiga magoti. Akalowesha, akajaza, akakandamiza, akalainisha kwa kiganja. Alikuwa akifuta alama ya baba yake mbele za watu, na iliuma, lakini aliifuta kifundi. Bibi akapitisha vidole vyake pale, akavirudisha, akatafuta tena. Hakupaona. Akabaki ameinama hivyo mpaka Emily akataka kumshika mkono.

"Ile karatasi ya ukutani yenye jina langu," bibi alimwambia Emily hatimaye. "Chini yake andika aliyelijenga tao. Huyu anaitwa nani?"

Kiprono alimwinamia Hassani sikioni. "Ripoti lazima niandike, bro. Unajua itakuwaje."

"Najua. Andika."

Kisha akamgeukia Emily, akamtajia jina herufi kwa herufi, lake, la baba na la babu: Hassani Makame Haji. Hakuinuka pale chini mpaka alipoonyeshwa karatasi akaona limeandikwa sawasawa.