Kitanda cha Mteremko

Tulianza kuteremka usiku wa manane, mimi, mume wangu na godoro letu, taratibu, kwa adabu, bila mmoja wetu kusema neno. Nilihisi shuka zinakwenda. Nikadhani ni ndoto. Nikanyoosha mguu, nikakuta hewa.

Ningemwamsha, lakini tulikuwa hatusemezani. Ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Ni miaka mingi sasa, binti yetu ana watoto wake, kwa hiyo naweza kusimulia bila kuona haya. Mume wangu ni seremala, tena si seremala wa kubahatisha. Watu walitoka mbali kuja kuagiza meza kwake. Ila nyumbani kwetu ilikuwa kinyozi hajinyoi. Meza ya jikoni ilisimama kwa msaada wa kipande cha boksi kilichokunjwa, mlango wa choo tuliufunga kwa kamba, na kitanda chetu hakikuwa na ubao wa miguuni tangu tulipooana. "Wiki ijayo," alikuwa akisema. Wiki hiyo ilikuwa imefikisha miaka sita.

Kilichoharibu mambo ni kabati. Nililiomba tangu nikiwa na mimba ya binti yetu. Nikamchorea kwenye karatasi, ili asije akasema hakuelewa. Basi Jumatatu moja nikapita karakana kumpelekea funguo alizosahau, nikalikuta limesimama pale: milango miwili, droo tatu, vishikio vya shaba, vile vile nilivyochora. Moyo uliniruka! Nikalipapasa. Nikavuta droo, ikaja bila sauti.

"Limekuwa zuri," nikasema.

"Eeh," akasema bila kuinua kichwa. "Mwenyewe anakuja kulichukua saa kumi."

Mwenyewe! Na mimi nimesimama mbele yake.

Nilisema mengi siku ile. La mwisho lilikuwa kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata dada yangu atakuja kunichukua, mimi na mtoto, na asinitafute. Nilitegemea atanizuia. Akasema, "Sawa." Basi kwa ukaidi niliozaliwa nao nikampigia dada simu kweli, na dada, ambaye hajawahi kumpenda shemeji yake, akasema hata leo gari lipo. Sikutaka kwenda. Naomba hilo lieleweke. Nilimpenda mume wangu hata nilipotamani kumpiga na randa yake mwenyewe. Lakini nilishasema, yeye akasema sawa, na kila mmoja akabaki anamngoja mwenzake.

Tangu hapo tukazungumza kupitia kwa mtoto.

"Mwambie baba yako chai ipo."

"Baba, chai ipo."

"Mwambie mama yako asante."

Wote watatu tupo meza moja. Siku ya tatu mtoto akachoka. "Ambianeni wenyewe," akasema, "mimi nakula."

Siku ya saba kikaja kikohozi. Si kile cha kifua, unachokohoa kikatoka kitu ukapata nafuu. Hiki kilikuwa cha kuwasha koo tu, kama chembe ya unga imekwama pale na haitaki kupanda wala kushuka. Mchana kilinyamaza, nikafanya shughuli zangu. Nikilaza kichwa tu, kimeamka. Nilikunywa asali, nilikunywa maji ya moto na ndimu, nilisukutua kwa chumvi, nilinyonya pipi za dawa mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikapanga mito mitatu. Kabla ya alfajiri yote ilikuwa sakafuni na shingo yangu imepinda.

Na kununa, jamani, kunataka utulivu. Utamgeuziaje mtu mgongo kwa heshima zako huku mgongo wenyewe unarukaruka? Nililala ukingoni kabisa mwa kitanda, nimeziba mdomo kwa kanga, nakohoa kwa kujibana mpaka machozi yananitoka. Nilijua naye hajalala. Mtu aliyelala hapumui kwa uangalifu namna ile.

Siku ya kumi asubuhi nilimsikia dirishani anamuuliza jirani yetu, ambaye alikuwa muuguzi, "Hivi kikohozi cha kuwasha, mtu akilala tu kinaanza, dawa yake nini?"

"Nani anaumwa?"

"Mtu fulani."

Mtu fulani! Nusura nitoke nje.

"Basi huyo mtu fulani," jirani akasema, naye si mjinga, "achana na mito. Inua kitanda chenyewe upande wa kichwani."

Ijumaa jioni akaja na vigogo viwili vya mbao ngumu. Alikuwa amevipiga randa na msasa, na kila kimoja amekichimba shimo juu, mguu wa kitanda ukae usitoke. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, lipo mlangoni. Akaliruka kuingia, akaliruka kutoka kufuata pima maji, akaliruka tena kuingia. Niambie, mtu anapimaje kwa pima maji kitanda anachokiinamisha makusudi? Nilitaka kumuuliza hivyo. Koo likawasha, nikakohoa, naye akageuza sikio kama anavyosikiliza bawaba inayolia ili ajue kasoro iko wapi. Akaweka vigogo, akatikisa kitanda, kikagoma kutikisika, akaridhika.

Na kikohozi kikanyamaza kweli. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa siku tano.

Alifikiria kila kitu, yule bwana, isipokuwa kimoja. Chaga za kitanda alizipiga vanishi mwenyewe zikateleza kama kioo, maana hawezi kuacha ubao ukiwa na ukakasi hata kama utafunikwa na godoro maisha yake yote. Godoro lenyewe lilikuwa na kitambaa cha nailoni. Na miguuni ubao haukuwepo.

Ndiyo tukateremka. Nikashika ubavu wa kitanda kwa siri. Nikasikia naye ameshika upande wake. Watu wazima wawili, gizani, kila mmoja anajifanya amelala, wameng'ang'ania kitanda kwa kucha. Godoro halikutujali. Lilifika ukingoni, likainama, likatumwaga sakafuni kama viazi.

Nikawa nimemkalia tumbo.

"Vidole viwili," akasema chini yangu. "Ningeinua vidole viwili tu, ingetosha."

Siku kumi na mbili, na neno lake la kwanza kwangu ni kipimo! Kicheko kikanipasuka. Nilicheka mpaka nikamwangukia kifuani, naye akaanza kutikisika, tukacheka wote, tunazibana midomo mtoto asiamke. Katikati ya kicheko nikamsikia anasema, "Usiende."

Nikainua kichwa kutoka kifuani pake.

"Siku ile ulivyolishika lile kabati," akasema, "ndipo nilipokumbuka mchoro ulikuwa wa nani. Nikaona aibu, sikujua niseme nini. Nikasema sawa. Haikuwa sawa. Usiende kesho, mke wangu."

Nilifungua mdomo nimjibu, na kikohozi kikanikamata. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia mara nne, mara tano, nakohoa huku naitikia, lakini gizani nani anaona kichwa? Yeye alibaki amenishika mkono, anangoja.

Nilimjibu, hatimaye. Lakini hili hajui mpaka leo: kikohozi chenyewe kilikuwa kimeshakwisha. Mara tatu za mwisho nilijikohoza tu, ili na yeye aonje kungoja.