King'ora Kilicholilia Jeppestown

Jumanne moja jioni Mwende alikuwa jikoni kwake Heron Close, Randburg, akikaanga vitunguu, king'ora cha nyumba kilipolia. Alizima jiko kwanza, maana vitunguu huungua upesi, kisha akamkimbilia binti yake Chloé sebuleni na kumvuta nyuma ya kochi kama walivyofundishwa. Mumewe Roy alikuwa bado kwenye foleni akitoka kazini. Hakuna mlango uliokuwa umevunjwa wala dirisha lililokuwa wazi. Nyaya za umeme juu ya ukuta zilikuwa zikitoa mlio wao mdogo kama siku zote.

Dakika chache baadaye gari la kampuni ya ulinzi likaingia. Dereva wake, Burhani, alikuwa mtu wa Tanga aliyeishi Johannesburg hadi akapewa makazi ya kudumu. Kazi yake ilikuwa kuitikia ving'ora vya Randburg, bastola kiunoni na fulana ya kuzuia risasi kifuani. Alizunguka nyumba, akamulika nyuma ya mapipa ya taka, akaja jikoni kutazama kidirisha cha mashine ukutani. Mahali ambapo kwa kawaida paliandikwa kwa Kiingereza jikoni au gereji, palikuwa pameandikwa kwa Kiswahili: KARIBU NA SPAZA.

"Mna spaza humu ndani, dada?"

"Hapana. Hapa hakuna kiduka chochote, hata mkate tunafuata kwa gari."

"Basi shwari," alisema Burhani. Akaripoti kwenye redio kwamba nyumba namba saba ni salama, akaondoka.

Alfajiri iliyofuata kililia tena. Kidirisha kikaandika KWENYE NGAZI. Nyumba ya Mwende haikuwa na ngazi. Alhamisi kikaandika NYUMA YA KIWANDA. Fundi aliitwa, akabadilisha betri, akabadilisha waya, mwishowe akabadilisha mashine nzima na kuahidi kwamba hii mpya haina kichaa. Hii mpya ililia jioni ileile na kuandika KARIBU NA SPAZA, TENA.

Kila mara Burhani alikuja upesi. Majirani walianza kuandika kwenye kundi lao la simu kuuliza namba saba kuna nini. Mwende alianza kulala na viatu karibu na kitanda. Ofisini, kwenye benki alikokuwa mkaguzi wa mikopo, alijikuta akigeuka kila lifti ilipofunguka.

Jumamosi Jeannine alikuja kumsuka Chloé. Jeannine alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mwembamba, mwenye vidole vya haraka, na alikuwa amemsuka Chloé tangu mtoto huyo alipoota nywele za kushikika. Aliishi Jeppestown na mumewe Jacques, fundi cherehani, katika jengo la zamani ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha magodoro. King'ora kilipolia alikuwa amefika nusu ya kichwa. Aliinuka, kitana mkononi, akasoma kidirisha: MLANGO WA CHUMA.

"Mama Chloé," alisema, "ile ni kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu Jeppe. Mlango wa chuma ni ule wa chini, yenye tunaingilia." Aliuliza siku nyingine kiliandika nini. Mwende alipomwambia, Jeannine alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ndugu. "Karibu na spaza, ile Jumanne, ni mimi. Banabeba telefone yangu pale. Kwenye ngazi ni ule Mrundi wa chumba cha mwisho, banamupiga akienda kazi."

"Na polisi?"

"Ukipiga banakuambia gari haiko. Kesho gari haiko. Sasa tuliacha kupiga."

Alipiga simu nyumbani. Dakika hiyo, mlangoni pa jengo lao, msichana wa ghorofa ya pili alikuwa amenyang'anywa mkoba. Jeannine alimpa pole kwa simu, akarudi kwenye kiti, akaendelea kusuka. Burhani alifika, akaelezwa, akasikiliza akiwa amesimama.

"Eish," alisema. "Nilijua tu si betri."

Akazunguka nyumba kama utaratibu ulivyotaka, akaripoti kwamba ni salama.

Jioni Mwende alimweleza Roy. Roy alikuwa mtu mpole, na jambo hilo halikumshangaza sana; kilichomshughulisha ni mkataba. Alipiga simu kampuni ya ulinzi akauliza kama wanaweza kuitikia king'ora kule kinakolilia. Mwanamke wa upande wa pili alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba mkataba ni wa anwani, na anwani ni Heron Close.

"Kwa hiyo mtaendelea kuja hapa?"

"Bila kukosa, bwana," alisema yule mwanamke.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Mwende alizoea sauti lakini hakuzoea maneno. Alikuwa akipita Jeppestown kwa nadra sana, madirisha yamefungwa, lakini sasa aliijua kona kwa kona: palipokuwa na taa iliyokufa, palipokuwa na kichochoro, mahali wanaume wa hosteli ya wafanyakazi walipokaa kunywa. Akiwa kwenye mkutano wa kazi alikuwa akishika simu ghafla na kumwandikia Jeannine, uko salama? Jeannine alijibu, niko. Halafu Mwende alikaa akitazama simu, kwa sababu kuwapo salama kwa Jeannine hakukumwambia aliyekuwa hayuko salama ni nani.

Jumamosi nyingine, adhuhuri, Jeannine alikuwa jikoni mwao akimfumua Chloé. Roy alikuwa nje akiosha gari. King'ora kililia, na kidirisha kikaandika: KWA FUNDI.

Jeannine aliweka kitana juu ya meza, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mafundi ni wengi kule," alisema Mwende.

"Kwetu fundi ni moja."

Simu ya Jacques iliita bila kupokelewa. Gari la Burhani lilikuwa limeshaingia. Jeannine alitoka akamshika pindo la fulana yake ile nene.

"Baba, twende. Banamuua bwana yangu. Uko na gari, uko na bunduki, twende!"

Burhani alibonyeza redio. "Niko namba saba, Heron Close. Hapa hakuna tukio. Tukio liko Jeppestown, kwa fundi cherehani. Naomba ruhusa."

"Ishara imetoka wapi?" iliuliza redio.

"Heron Close."

"Basi kagua Heron Close."

"Dada," Burhani alimwambia Mwende, bila kumtazama Jeannine, "hili gari likivuka mpaka wa eneo letu, wanazima injini kutoka ofisini. Nitakwama nalo barabarani, na huku mtu akivamiwa sipo." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, bastola mkononi, kukagua mapipa.

Mwende alichukua funguo. Roy alibaki na Chloé, aliyekuwa na nusu ya nywele zimesimama. Barabarani palikuwa na watu wengi wa Jumamosi, na robot moja, taa ya kuongozea magari, ilikuwa haiwaki, magari yakipita kwa zamu, kila dereva akimwonyesha mwenzake mkono wa asante. Jeannine alikuwa ameweka miguu juu ya mkeka wa gari kama anayekanyaga mafuta. Walipokaribia mjini, Roy alipiga simu.

"Kimenyamaza," alisema.

King'ora kile kilikuwa hakinyamazi kwa kuzimwa. Kilinyamaza jambo lilipoisha.

Walimkuta Jacques sakafuni, kati ya meza ya kukatia na gauni la harusi ambalo alikuwa hajalipinda. Walikuwa wamechukua cherehani mbili na simu, na alipokataa kuachia ya tatu wakamchoma kisu. Majirani walikuwa wamemfunga tumbo kwa vitambaa vyake mwenyewe. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa. Lilisema haliwezi kuingia mtaa ule bila kusindikizwa na polisi, na polisi walikuwa wamesema gari haiko. Wakambeba wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Mwende, kichwa mapajani mwa mkewe.

Jacques alikuwa na akili zake. Alimtazama Jeannine kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa chakula.

"Nilisikia king'ora," alisema. "Mbali kabisa. Nikasema, sawa, banakuja. Njo maana sikukimbia."

Alifariki kabla hawajafika hospitali. Mwende alijua kwa sababu Jeannine aliacha kumsemesha.

Kesi haikufunguliwa. Kituo cha polisi cha upande wa Jeppestown kiliuliza kama kulikuwa na king'ora, na Jeannine, ambaye hakuwa mwongo, akasema kulikuwa nacho, Randburg. Basi wakamwambia tukio lilipokelewa Randburg, akafungue huko. Mwende alimpeleka kwenye kituo cha huko. Afisa aliwakaribisha viti, akawasikiliza hadi mwisho, akasema hakuna shida na habari ya king'ora, mambo hayo hutokea, lakini marehemu hakufia kwao. Hawezi kumwingiza kwenye takwimu za eneo ambalo hakufia. Jeannine aliuliza kwa Kiingereza chake kidogo ni eneo gani litakalomwingiza. Afisa alifikiri kwa dhati, akasema hajui.

Mwezi huohuo wakazi wa Heron Close walifanya mkutano wao wa mwaka, wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya bwawa la kuogelea. Jeremy, mwenyekiti wa kamati ya usalama, mhandisi mstaafu aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, alisimama kutoa ripoti. Kwa mwaka mzima hapakuwa na wizi hata mmoja. Hapakuwa na uvamizi. Zaidi ya hayo, kampuni ya ulinzi imeandika kwamba hakuna mtaa Randburg ulioitikiwa mara nyingi na kwa haraka kama wao. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja alisema bei za nyumba zitapanda.

Mwende alisimama. Aliwaeleza habari za Jacques. Hakupamba wala hakulia. Alisema alikuwa fundi, alikuwa na mke, na kwamba kuitikiwa huko kote wanakopigia makofi ni kwa ving'ora vya watu ambao wenyewe hawakuitikiwa. Wanawake wawili walishika vifua vyao.

"Hakuna anayebisha, Mwende," alisema Jeremy kwa upole, "na tunampa pole sana huyo mama. Lakini jambo lililoletwa mbele ya mkutano ni kelele. Watu wana watoto wadogo."

Wakapiga kura. Fundi alikuja, akakata sauti ya king'ora cha namba saba, akaacha taa nyekundu tu ya kuwaka na kuzima. Ishara iliendelea kwenda kampuni ya ulinzi, kwa kuwa mkataba ulitaka hivyo.

Roy alidhani sasa Mwende atapumzika. Lakini taa ya kimya ilimsumbua kuliko sauti. Sauti ilikuwa ikimtafuta popote alipo ndani ya nyumba. Taa ilibidi aitafute yeye. Alihamisha kiti chake hadi jikoni. Alikula akitazama ukuta, akamsaidia Chloé kazi za shule akitazama ukuta.

"Wewe si askari wa Jeppestown," Roy alimwambia.

"Najua."

"Basi njoo ukae na sisi."

"Nakuja," alisema, na hakuja.

Ndipo Jeannine alipotokea, akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Hakuja kusuka. Alisimama mbele ya kidirisha akakitazama kama mtu anayemtazama shahidi.

"Unipigie," alisema. "Kila mara. Uniambie yenye kinaandika, basi."

"Mtafanya nini, Mama? Hamna silaha."

"Tuko na masufuria."

Wakaanza hivyo. Taa ilipowaka Mwende alisoma, akapiga simu, akataja mahali. Jeannine akapiga kelele kwenye korido, na wanawake wa jengo zima wakatoka madirishani na kwenye ngazi wakigonga masufuria na kuita kwa Kifaransa, Kiswahili na Kizulu. Mara nyingine wezi walikimbia. Mara nyingine waliinua macho tu wakaendelea na kazi yao, maana walijua hakuna mtu anayekuja nyuma ya masufuria. Akiwa likizo Mwende alikataa kwenda Machakos kwa wazazi. Akiwa kazini alimlipa jirani, mama mtu mzima, akae jikoni badala yake.

Jioni moja ya Juni, baridi ikiwa kali, taa iliwaka: KARIBU NA SPAZA. Mwende alipiga simu. Jeannine aliita wenzake, na masufuria yakaanza, mengi, yakisikika ndani ya simu kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kisha katikati yake mwanamke akapiga yowe. Masufuria hayakunyamaza, na yowe halikunyamaza.

"Ni nani?" aliuliza Mwende. "Jeannine, ni nani?"

Simu ilikuwa imeachwa mahali ikiwa wazi.

Burhani aliingia kwa mlango wa jikoni, bastola mkononi, akihema kidogo. Alikuwa amekuja kwa kasi zaidi kuliko siku zote. Alitazama kidirisha, akaitazama simu juu ya meza, akasimama akisikiliza pamoja na Mwende. Yowe lilikuwa likiita mama, mama, kwa sauti ya mtu mdogo. Kisha Burhani akarudi nje, akamulika nyuma ya mapipa, akamulika gereji, akajaribu kitasa cha geti dogo. Alirudi ndani. Yule mtu alikuwa bado akiita.

"Namba saba," ilisema redio begani pake, "hali ikoje hapo?"

Burhani aliweka bastola kiunoni, akabonyeza kitufe.

"Salama," alisema.